Bingwa wa barafu akienda chuo, someni kalenda kabla ya kumlaumu

Mhariri,

Kila bingwa wa kuteleza kwenye barafu anapotangaza kwamba anaweka viatu kando ili akasome, lawama huwa zilezile: kipaji kimetupwa, ujana haurudi, vitabu vingemsubiri. Wapenda mkato humtupia methali ya mshika mbili, moja humponyoka, kisha huondoka zao. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze uamuzi huo unavyofikiwa hasa, maana wengi wanaoulaumu hawajawahi kuiweka kalenda ya mashindano na ile ya chuo kikuu juu ya meza moja.

Msimu wa ISU, chama cha kimataifa kinachosimamia mchezo huu, huanza tarehe 1 Julai. Agosti na Septemba kuna mashindano madogo ya kupimia programu mpya, yaani mipangilio ya miruko na hatua inayochezwa kwa muziki; kila mtelezaji huwa na mbili, fupi na ndefu. Oktoba na Novemba hufuatana mashindano sita ya Grand Prix, kila wiki na lake. Mtelezaji hupangiwa mawili kwa wingi, na sita bora wa kila kundi, mfano wanaume au wanawake, hukutana kwenye fainali mapema Desemba. Ubingwa wa taifa wa Marekani hufanyika Januari na ubingwa wa dunia Machi. Mwaka wa Olimpiki, ongeza Februari. Sasa tazama kalenda ya chuo cha Marekani: muhula wa kwanza huanza mwishoni mwa Agosti na mitihani yake huwa katikati ya Desemba; wa pili huanza Januari, huisha Mei. Juni na Julai, miezi ambayo mwanafunzi hana darasa, ndiyo miezi ambayo barafuni hakuna shindano la maana.

Safari moja ya Grand Prix haili wikendi peke yake. Anayetoka pwani ya mashariki ya Marekani kwenda Japani huondoka Jumatatu au Jumanne, hufanya mazoezi rasmi Alhamisi, hushindana Ijumaa na Jumamosi, Jumapili kuna onyesho la washindi, na Jumatatu yuko angani tena. Tofauti ya majira ni saa 13 au 14, na mwili hujirekebisha kwa kama saa moja kila siku. Kwa mwanafunzi wa kawaida huo ni uchovu. Kwa anayeruka mizunguko minne, yaani anayezunguka mara nne hewani katika mruko mmoja, ni hatari, kwa sababu mruko wote huo huishia ndani ya kama sekunde 0.7, na mikono lazima ifungwe na kufunguliwa kwa wakati wake. Akichelewa kidogo anatua kabla mzunguko haujakamilika, na kifundo cha mguu ndicho kinacholipa. Piga hesabu: safari mbili na fainali ni wiki tatu zilizokatwa kwenye muhula wenye wiki 13 hivi za masomo, na wiki nyingine kadhaa ambazo mwili uko darasani na usingizi uko bara jingine.

Kilichoikaza zaidi hesabu hii ni kanuni ya umri. Tara Lipinski alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1998 akiwa na miaka 15, Sarah Hughes mwaka 2002 akiwa na 16, Alina Zagitova mwaka 2018 akiwa na 15. Umri wa chuo ulikuwa bado mbele yao. Juni 2022, miezi michache baada ya sakata la Kamila Valieva, mtelezaji wa Urusi wa miaka 15 aliyekutwa na dawa iliyopigwa marufuku, kwenye Olimpiki ya Beijing, ISU ilipitisha kupandisha umri wa chini wa kushindana ngazi ya wakubwa: kutoka 15 hadi 16 msimu wa 2023/24, kisha 17 kuanzia 2024/25. Ni kanuni nzuri kwa mifupa ya watoto na ninaiunga mkono. Ila kuna tokeo lake lisilozungumzwa: miaka ya kwanza ya mtelezaji katika ngazi ya juu sasa inaangukia juu ya miaka ileile ya kuomba chuo na kukianza. Zamani ilikuwezekana kushinda kwanza, kusoma baadaye. Sasa wengi watalazimika kuchagua, na barua za kuwalaumu zitazidi kuja mezani kwako.

Taarifa nyingi huandika tu kwamba fulani "ameacha", kana kwamba kuna namna moja ya kuacha. Yupo anayestaafu moja kwa moja. Yupo anayesoma huku akishindana. Yupo anayesitisha masomo kwa muda, anashindana, kisha anarudi darasani. Mmarekani Nathan Chen alipita njia ya pili na ya tatu, na ndiyo maana mfano wake unafaa kuangaliwa kwa karibu.

Februari 2018 kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, Chen alikuwa wa 17 baada ya programu fupi, akapanda hadi nafasi ya tano kwa programu ndefu yenye miruko sita ya mizunguko minne. Mwezi uliofuata akawa bingwa wa dunia jijini Milan. Kabla mwaka haujaisha alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Yale, mashariki ya Marekani. Akiwa na mzigo wa masomo alishinda fainali ya Grand Prix mjini Vancouver Desemba 2018, ubingwa wa dunia Saitama Machi 2019 kwa alama 323.42, na fainali nyingine Torino Desemba 2019. Baada ya miaka miwili alisitisha masomo, akarudi California kwa kocha wake Rafael Arutyunyan, akatetea taji la dunia Stockholm mwaka 2021, na Februari 2022 akachukua dhahabu ya Olimpiki Beijing kwa alama 332.60. Majira ya vuli ya mwaka huohuo alikuwa darasani tena, na Mei 2024 alihitimu shahada ya takwimu na sayansi ya data. Anayesema alitupa kipaji atuonyeshe ni medali gani aliyoikosa kwa sababu ya Yale.

Lakini mfano wake haufai kuigwa ovyo. Chen aliingia chuoni akiwa tayari ameshatua aina tano za mruko wa mizunguko minne. Chuoni mtu anaweza kuutunza mruko alio nao. Kuujenga mpya ni kazi nyingine kabisa: kunahitaji kuanguka mara mamia, mbele ya kocha aliyesimama ukingoni na kuona bega lilipotangulia. Kocha wa Chen alikuwa upande wa pili wa nchi, saa tatu nyuma yake, wakawa wanafanya kazi kwa video. Na programu zililegezwa: miruko sita ya Pyeongchang ikawa minne Saitama. Kanuni nazo zilimsaidia, kwani kuanzia msimu wa 2018/19 programu ndefu ya wanaume ilifupishwa kutoka dakika 4 na nusu hadi dakika 4, na nafasi za kuruka zikapungua kutoka nane hadi saba. Ugumu ulirudi baada ya kusitisha masomo. Beijing aliruka mizunguko minne mara tano katika programu ndefu.

Methali ya mshika mbili ina ushahidi wake pia. Vincent Zhou, mshindi wa shaba ya dunia mwaka 2019, alianza Chuo Kikuu cha Brown vuli ya mwaka huohuo, akajiondoa kwenye Grand Prix zake ili ayamudu masomo, na Januari 2020 akamaliza wa nne katika ubingwa wa taifa. Akasitisha masomo, akarudi kwenye mazoezi ya kutwa, na Oktoba 2021 akashinda Skate America ambako Chen alikuwa wa tatu. Wote wawili wana vichwa vizuri na miruko mikubwa. Ukitaka kujua kwa nini mmoja aliweza kuchanganya na mwingine akaona heri atenganishe, usianze na nidhamu wala moyo. Uliza kwanza kuhusu barafu.

Barafu ya chuo cha Marekani ni ya hoki. Ingalls, uwanja wa Yale uliosanifiwa na Eero Saarinen na kufunguliwa mwaka 1958, wanafunzi huuita Nyangumi kwa umbo la paa lake. Ni jengo zuri, na wenyewe ni timu za hoki. Kipimo cha hoki ya Marekani ni mita 61 kwa 26, ilhali mashindano ya kimataifa hufanyika kwenye mita 60 kwa 30. Mita nne za upana zinaonekana ndogo hadi uingie kwenye Lutz. Mruko huo unaingiwa kwa mkunjo mrefu wa nyumanyuma kuelekea kona. Kwenye uwanja mwembamba ukuta unakuja mapema, mtelezaji anajizoesha kukata kasi na kufupisha mkunjo. Siku ya mashindano ukuta uko mbali, mkunjo unaisha katikati ya hewa tupu, na muziki umeshampita au bado haujamfikia. Dawa yake ni kutafuta uwanja mpana angalau mara moja kila wiki mbili, na kupitisha pale programu nzima kwa muziki, hata kama miruko itapunguzwa kuwa ya mizunguko miwili.

Halafu kuna joto. Barafu ya hoki huwekwa kwenye kama nyuzi -5 hadi -6 za Selsiasi ili iwe ngumu na ya kasi. Watelezaji wa miruko hupendelea -3 hadi -4, iliyo laini kidogo, inayoshika makali na kunyonya mshtuko wa kutua. Kwenye barafu ngumu meno ya mbele ya kisu cha kiatu hubandua vipande badala ya kuuma, na mguu unaotua hupokea pigo kavu. Nguvu ya kutua hukadiriwa kuwa mara tano hadi nane ya uzito wa mwili, tena kwenye mguu uleule kila mara, kwa hiyo nyonga, goti na nyayo za upande mmoja ndizo zinazopasuka kwanza. Siku za barafu ngumu, idadi ya miruko mikubwa ikatwe nusu. Wengi hawaikati kwa sababu wameipata nafasi hiyo kwa shida na wanataka kuitumia yote.

Ni kweli nafasi hupatikana kwa shida. Alasiri ni ya timu za hoki, jioni ni ya mechi. Kinachobaki ni saa 12 hadi saa 2 asubuhi, au adhuhuri wengine wakila. Kipindi kikiwa cha saa moja, dakika kama 10 ni za mashine ya kulainisha barafu. Mtelezaji wa kutwa hukaa barafuni saa tatu hadi nne kwa siku, siku tano au sita kwa wiki, na saa moja au mbili za mazoezi nje ya barafu. Mwanafunzi akipata dakika 100 kwa siku ashukuru. Kwa dakika hizo, mgawanyo unaofanya kazi ni huu: dakika 10 za makali na kasi, 15 za miruko ya mizunguko miwili na mitatu, 15 za miruko mikubwa kwa ukomo wa majaribio 12 hadi 15, kisha programu moja nzima kwa muziki bila kusimama hata akianguka. Kipindi cha pili ni cha mizunguko ya papo hapo, hatua, na nusu ya pili ya programu nyingine. Kosa la kawaida ni kutumia dakika 40 kuuwinda mruko mmoja na kuahirisha programu hadi kesho. Baada ya wiki mbili za namna hiyo miruko ipo, pumzi haipo, na dakika ya mwisho ya programu ndefu inaanguka yote.

Viatu navyo huleta balaa ambalo hakuna mshauri wa chuo atakayekuonya. Kisu cha mtelezaji huyu kina unene wa kama milimita 4, kina meno mbele, na upande wa chini kina mfereji uliochongwa kwa nusu kipenyo cha kama milimita 11 hadi 13. Hunolewa kila baada ya saa 20 hadi 30 za barafuni. Kisu cha hoki ni chembamba zaidi na hakina meno. Fundi wa hoki aliye jirani na chuo, kwa nia njema kabisa, anaweza kuchonga mfereji kuwa wa kina sana au kula jino la chini, na hapo kisu kimekwisha; makali yanang'ang'ania barafu wakati wa kutua na goti linapinda. Kwa hiyo mwanafunzi awe na jozi mbili zilizokwisha kuzoeleka na azipeleke kwa fundi wake kwa zamu, hata kwa posta. Jozi mpya inahitaji wiki mbili hadi tatu ili ikubali mguu, na anayeruka mizunguko minne huimaliza kwa miezi michache tu. Asifungue jozi mpya Novemba.

Sasa darasa. Yale huhitaji masomo 36 katika mihula 8, yaani manne au matano kila muhula. Mwenye Grand Prix achukue manne vuli, afidie baadaye. Masomo ya maabara ndiyo mtego, kwa kuwa maabara ya kemia ya saa tatu au nne haiwezi kusomwa kwenye ndege, na ukikosa mbili hali ya alama zako inakuwa mbaya hata kama unaijua kemia yenyewe. Masomo ya kuandika insha na ya hesabu husafiri vizuri. Anayelenga udaktari, na katika mchezo huu ni wengi, apeleke maabara kwenye mihula ya majira ya joto au kwenye mwaka ambao hashindani.

Mawasiliano na walimu yafanywe wiki ya kwanza ya Septemba, kwa maandishi, na kuambatishwa barua ya shirikisho la taifa la mchezo huu inayoonyesha tarehe za mashindano aliyopangiwa. Grand Prix hupangwa wakati wa kiangazi, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kuchelewa. Tarehe ya fainali ya Desemba iandikwe pia, hata kama hajafuzu bado. Ni rahisi kuufuta mtihani wa pekee kuliko kuuomba zikiwa zimebaki siku tano. Hapa ndipo wengi hugundua jambo wasilolitarajia. NCAA, inayosimamia michezo ya vyuo Marekani, haina mchezo huu kwenye orodha yake ya ubingwa. Mwogeleaji wa timu ya chuo ana ofisi nzima ya kumtetea kwa walimu. Bingwa wa dunia wa barafu machoni pa mwalimu wa takwimu ni mwanafunzi aliyekosa kipindi, na anajitetea mwenyewe. Kwa upande mwingine, kwa kuwa si mchezo wa NCAA, fedha za zawadi na matangazo hazimletei kesi.

Fedha zenyewe ni za kuhesabu kwa makini. Vyuo vya kundi la Ivy, Yale kikiwa kimojawapo, havitoi ufadhili kwa sababu ya michezo. Msaada wao hutegemea uwezo wa familia, na kipato cha maonyesho na zawadi huingia katika hesabu hiyo. Alipohitimu Chen, mwaka mmoja Yale bila msaada ulikuwa unagharimu zaidi ya dola 80,000. Mshindi wa shindano moja la Grand Prix miaka yake alipata dola 18,000, wa fainali 25,000, na dhahabu ya Olimpiki huleta dola 37,500 kutoka kamati ya Olimpiki ya Marekani. Toa kocha, mtunzi wa programu, barafu, mavazi, viatu, tiba na kodi, utaona kwamba kwa aliye nje ya watatu bora hakuna akiba. Lipo fungu ambalo watu hulisahau: Mfuko wa Kumbukumbu wa shirikisho la Marekani, ulioanzishwa baada ya ajali ya ndege ya Sabena karibu na Brussels tarehe 15 Februari 1961, ambamo watelezaji wote 18 wa timu ya taifa walikufa wakienda ubingwa wa dunia Prague. Mfuko huo husaidia gharama za mazoezi na pia masomo ya chuo. Shirikisho lenyewe, basi, halioni kwamba mwanachama wake akienda darasani amesaliti mchezo.

Mikataba ndiyo inayouma zaidi kuliko zawadi. Mikataba mingi ya matangazo huwa na kipengele kinachomtaka mtelezaji abaki mshindani. Akitangaza kustaafu, malipo husimama au hupungua. Fedha za shirikisho hukoma pia, na bima ya afya ya wanamichezo bora pamoja nazo, jambo zito kwa mwenye nyonga iliyofanyiwa upasuaji. Ndiyo maana wajanja hawatangazi kustaafu Machi, katikati ya hisia za ubingwa wa dunia. Husema wanapumzika msimu mmoja, wanasoma mikataba, wanahakikisha bima ya chuo imeanza, kisha wanaamua.

Waliotangulia wametuachia njia za kulinganisha. Dick Button alishinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1948, akaongeza ya pili 1952 akiwa mwanafunzi wa Harvard, huku akitua kwa mara ya kwanza katika mashindano mruko wa mizunguko mitatu. Mwaka 1956 alihitimu sheria palepale. Tenley Albright aliyeugua polio utotoni alichukua dhahabu ya Olimpiki Cortina d'Ampezzo mwaka 1956, kifundo kikiwa na jeraha alilokatwa na kisu chake mwenyewe siku chache kabla, akaacha mashindano ya kimataifa, na mwaka 1961 alimaliza udaktari Harvard na kuwa mpasuaji. David Jenkins alikuwa tayari mwanafunzi wa udaktari aliposhinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1960. Debi Thomas alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1986 akiwa mwaka wa kwanza Stanford, akasitisha masomo ili ajiandae kwa Olimpiki ya Calgary, akapata shaba 1988, akarudi kumaliza uhandisi, kisha udaktari mwaka 1997. Sarah Hughes, aliyepanda kutoka nafasi ya nne hadi dhahabu Salt Lake City, aliingia Yale mwaka 2003, akahitimu 2009, na sheria akaimaliza mwaka 2018.

Zamani hizo, hata hivyo, zisitudanganye. Button na Albright waliishi enzi ambapo mizunguko miwili ilitosha kwa kiasi kikubwa, na michoro ya lazima, yaani maumbo yaliyochorwa kwa makali ya kisu juu ya barafu, ilibeba sehemu nzito ya alama. Michoro hutunzwa kwa subira alfajiri kabla ya darasa. Mizunguko minne haitunziki hivyo. Anayeulizwa leo "mbona Button aliweza?" ana haki ya kucheka.

Japani wamelitatua jambo hili kwa namna inayonivutia zaidi. Huko mtelezaji wa chuo ni mtu wa kawaida, vyuo vina vilabu na mashindano yao, na vyuo vya Chukyo na Kansai vina viwanja vyao vya barafu, hivyo kocha, barafu na darasa viko eneo moja. Yuzuru Hanyu, bingwa wa Olimpiki wa 2014 na 2018, alisoma Waseda kwa njia ya mtandao akiishi na kufanya mazoezi Toronto, akahitimu mwaka 2020. Ilimchukua miaka mingi kuliko kawaida, na hakuna aliyemhesabia kama ameshindwa. Mwenye kusema bingwa asubiri amalize kwanza mashindano yote aeleze kwa nini asisome polepole namna hiyo.

Kwa anayeacha kabisa, mwaka wa kwanza ndio mgumu. Mazoezi yakishuka kutoka saa 25 kwa wiki hadi tatu, uwezo wa pumzi huanza kupungua ndani ya wiki mbili hadi nne, na hamu ya kula hubadilika bila mpangilio. Wengi wametoka kwenye miaka ya kula pungufu kuliko mwili unavyotumia. Wanapoanza kula sawasawa uzito unapanda, kioo kinawatisha, na wanarudia njaa ile ile wakiwa hawana tena kocha wala daktari wa timu wa kuwaona. Kabla ya kuondoka wapimwe mifupa na damu, taarifa zihamishiwe kituo cha afya cha chuo, na saa za mazoezi zishushwe kwa hatua za wiki kadhaa.

Na mlango wa kurudi usifungwe kwa uzembe wa karatasi. Mmarekani Alysa Liu alistaafu Aprili 2022 akiwa na miaka 16, mwezi mmoja tu baada ya kupata shaba ya dunia. Alianza kusoma saikolojia UCLA, akatangaza kurudi Machi 2024, akashindana tena Oktoba huko Budapest, na Machi 2025 akawa bingwa wa dunia jijini Boston, Mmarekani wa kwanza kulitwaa taji hilo la wanawake tangu Kimmie Meissner mwaka 2006. Waandishi walishangaa uchawi. Ndani yake kuna taratibu. Aliye katika kundi la kupimwa dawa hujaza kila robo mwaka mahali atakapokuwa, pamoja na saa moja ya uhakika kila siku kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku; akikosa mara tatu ndani ya miezi 12 anaweza kufungiwa. Mwanafunzi aliyehama bweni na kusahau kubadilisha anwani anaweza kukosa mara ya kwanza kabla hata ya kununua vitabu. Akistaafu lazima aandike rasmi ili aondolewe kundini, na akitaka kurudi atoe taarifa ya maandishi na awe tayari kupimwa miezi sita kabla ya kushindana. Pointi zake za kimataifa zitakuwa zimepungua kwa kila msimu aliokosa, na kwa ubingwa wa dunia itabidi apate tena alama za chini za kiufundi kwenye mashindano madogo ya Agosti hadi Oktoba. Kwa hiyo anayelenga ubingwa wa dunia wa Machi aiweke taarifa hiyo mezani kabla ya Februari ya mwaka uliotangulia, na barafu aliyokuwa akiikodi kwa kujifurahisha aanze kuikodi kwa ratiba.

Wako,
Msomaji